Wimbo Umefika, Jina Limebaki Njiani

Mhadhara kwa walimu, wanakwaya na vijana wa Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini



Naomba kila mwenye simu afungue mahali pa muziki. Asipige wimbo, asome majina tu. Wengi wenu mtakuta maandishi ya namna hii: AUD-20190407-WA0003. Hilo ni jina ambalo WhatsApp hulipa faili la sauti linapopita kwake. AUD ni sauti, tarakimu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku, WA ni programu yenyewe, na mwisho ni namba ya mpangilio. Kwa hiyo twajua kwamba wimbo huu ulipita Aprili 7, 2019, siku ya Jumapili. Hatujui nani aliutunga. Hatujui ni kwaya gani, wala kama uliimbwa Mboko, Sebele, Uvira au kambini Nyarugusu. Wengine mtakuta „Track 05“ bila neno jingine. Na sauti tunayoisikia humo huenda ni ya mtu aliyeketi kwenye mabenchi haya.

Jambo hili ndilo lililonileta mbele yenu. Watu wakizungumzia kunakili muziki huanza na fedha, na fedha sitaipuuza. Lakini kwetu Fizi naamini kwamba kilichotangulia kupotea ni jina, na fedha ikalifuata. Ili niwaonyeshe jinsi nilivyofika kwenye imani hiyo inanibidi nirudi nyuma hadi mwaka 1999, kwa vijana wa Marekani waliopitishiana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta bila duka katikati. Shida zao na ujanja wao vina mengi ya kutufundisha sisi tunaopitishiana kutoka simu hadi simu.

Mwaka huo wengi wetu hatukuwa hapa. Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998. Mauaji ya Makobola yalitokea siku za mwisho za mwaka huo na kuuvuka mwaka mpya. Ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilikuwa imefunguliwa tangu 1996 na Lugufu tangu 1997, na huko ndiko kwaya nyingi za watu wetu zilikokusanyika tena. Muziki ulipita kwa kanda. Mwenye redio ya milango miwili alikuwa mtu muhimu: mlango mmoja unapiga, wa pili unarekodi. Kila nakala ilipungukiwa kuliko mama yake. Kanda iliyonakiliwa mara ya nne ilikuwa imejaa mvumo, na sauti nyembamba za juu zilikuwa zimefifia kabisa. Hata hivyo kanda ilikuwa na kitu ambacho simu zetu hazina: karatasi. Mtu alishika biki akaandika jina la kwaya, kanisa na mwaka, na aliyenakili mara nyingi alinakili na maandishi pia. Jina lilisafiri pamoja na wimbo, ndani ya kisanduku kimoja.

Huko Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, watafiti akiwemo Karlheinz Brandenburg walikuwa wamefanya kazi ya miaka mingi kupunguza uzito wa sauti. Muziki wa CD unachukua takriban megabaiti 10 kwa dakika moja. Waliona kwamba sikio halisikii kila kitu: sauti kubwa inaifunika ndogo iliyo karibu nayo, hivyo ile ndogo inaweza kuachwa na msikilizaji asigutuke. Kwa njia hiyo dakika moja ikashuka hadi karibu megabaiti 1. Ndiyo MP3, na jina hilo la mwisho wa faili lilichaguliwa Julai 1995. Ukiinakili mara mia, nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Mvumo wa kanda ukaisha.

Lakini sikilizeni hili. Waliotengeneza MP3 hawakuweka ndani yake mahali pa kuandika jina la mwimbaji. Walifikiria sauti peke yake. Ilipofika 1996 mtu mmoja, Eric Kemp, ndipo alipobuni kipande kidogo cha kubandikwa mwishoni mwa faili, baiti 128 tu, kiitwacho ID3. Ndani yake kulikuwa na herufi 30 za jina la wimbo, herufi 30 za msanii, herufi 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Tuseme kuna kwaya iitwayo Kwaya ya Vijana ya Kanisa la Baraka. Hesabuni herufi pamoja na nafasi zake. Ikifika 30 mashine inakata, na kinachobaki ni „Kwaya ya Vijana ya Kanisa la B“. Hiyo B ni Baraka, Bukavu au Bujumbura? Msomaji hana njia ya kujua. Na ile baiti ya aina ya muziki ilifuata orodha ya aina 80. Polka imo. Reggae imo. Gospel imo. Rumba, muziki uliotoka katika nchi yetu na kuchezwa bara zima, haimo. Waliotengeneza orodha hawakuwa na nia mbaya, waliandika muziki waliokuwa nao chumbani. Lakini kompyuta za dunia nzima ziliirithi orodha hiyo, na wimbo wa mwanarumba Franco ukatafutiwa pa kuwekwa kati ya vitu visivyo vyake.

Sasa Napster. Ilitolewa Juni 1999 na Shawn Fanning, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston. Kila aliyeiweka katika kompyuta yake aliruhusu wengine wazione nyimbo alizo nazo. Nyimbo zenyewe hazikuondoka kwake. Kilichokwenda kwenye seva za kampuni huko California kilikuwa orodha ya majina ya mafaili. Ukitafuta wimbo, seva inakuambia nani anao, kisha kompyuta yako na yake zinaonana moja kwa moja. Kampuni haikuhifadhi hata wimbo mmoja, ilihifadhi majina. Kufikia Februari 2001 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 26 walikuwa wakiitumia.

Makampuni ya rekodi yalishtaki Desemba 1999. Kundi la Metallica likashtaki Aprili 2000, na mwezi uliofuata wakaipelekea Napster orodha ya watumiaji zaidi ya 335,000 waliokuwa wakigawa nyimbo zao. Mahakama ya rufaa ilipotoa uamuzi Februari 2001, Napster ikaamriwa izuie nyimbo zilizolindwa. Ingezizuiaje? Kwa jina la faili, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa mikononi mwake. Hapo ndipo vijana walipoanza ujanja wao. Walibadilisha herufi, wakaongeza moja, wakapunguza moja. Kampuni moja iitwayo Aimster ikatoa kiprogramu kilichochukua herufi ya kwanza ya jina na kuipeleka mwisho, hivyo Metallica ikawa etallicam. Baraka ingekuwa arakab. Watoto wa pwani wanaoongea kinyume ili wakubwa wasielewe wangeitambua mara moja mbinu hiyo: kwao Baraka ni kabara. Mashine ya kuzuia ilitafuta jina lililonyooka, na watu walijua kulisoma lililopinda. Kila siku Napster iliziba tundu moja, yakafunguka mengine. Julai 2001 ilizimwa kabisa.

Nimewaeleza hayo kwa urefu kwa sababu vita vyote vile vilipiganwa juu ya majina. Mahakama ililenga majina, na watumiaji walijificha kwa kuyaharibu majina. Na waliponda kitu chao wenyewe bila kukusudia: mafaili mengi yaliyobaki yakitembea duniani yalikuwa na majina yaliyovunjwa, wimbo wa huyu ukiandikwa kuwa wa yule, na makosa hayo yalinakiliwa kwa uaminifu uleule ulionakili sauti.

Waliokuja baadaye walijifunza kwamba udhaifu wa Napster ulikuwa kuwa na kitovu. Machi 14, 2000 Justin Frankel na Tom Pepper wa kampuni ya Nullsoft, waliotengeneza kipigaji cha Winamp, walitoa programu ya Gnutella. Wenye kampuni, AOL, waliiondoa baada ya siku moja, lakini maelfu walikuwa wameshaichukua, na wataalamu wengine wakaichambua ilivyofanya kazi wakatengeneza za kwao. Gnutella haikuwa na orodha popote. Ukitafuta wimbo unawauliza majirani wachache, kila jirani anawauliza wa kwake, hadi swali limevuka hatua 7 hivi, kisha linakufa. Jibu linarudi kwa njia ileile. Ilikuwa nzito na ya polepole, ila hapakuwa na mlango ambao hakimu angeweza kuufunga. Juu ya msingi huo ilisimama LimeWire, iliyodumu hadi Oktoba 2010 ambapo mahakama ya New York iliizima. Kazaa ya Niklas Zennström na Janus Friis ilikuja 2001. Mwaka huohuo Bram Cohen alitoa BitTorrent, inayokata faili vipande, na kila anayepokea kipande anakigawa kwa wengine kabla hata hajamaliza kupata vyote.

Kwenye Kazaa makampuni nayo yalijibu kwa kutumia majina. Yalimwaga mafaili ya uongo yenye jina la wimbo unaotafutwa na ndani yake kelele, au kipande kimoja kinachojirudia. Mwaka 2003 Madonna mwenyewe alisambaza mafaili yenye majina ya nyimbo zake mpya, na aliyeyafungua alikuta anagombezwa. Ili kukwepa udanganyifu huo programu kama eDonkey ziliacha kutegemea jina. Zililipa kila faili alama ya tarakimu iliyokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe: badilisha jina upendavyo, alama haibadiliki. Mashine ikapata njia ya kulitambua faili bila jina la mtu. Kwa mashine shida ilikwisha. Kwa aliyeimba haikuguswa.

Nirudi nyumbani. Oktoba 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya hapa Baraka. Walishuka na magodoro, mabati, sufuria, na kanda zao, na CD za hapa na pale. Simu zenye kadi zikafuata, kisha Bluetooth ikawa mazoea. Wimbo wa megabaiti 4 ulipita kutoka simu hadi simu kwa muda wa mtu kusimulia habari fupi. Kadi ya gigabaiti 2 ilibeba nyimbo kama 500. Mega za intaneti ni ghali, na mtandao unapanda na kushuka. Anayepakua wimbo mmoja kwa mega zake anajua kwamba wengi watamfuata awape, naye anawapa. Baadaye ikaja Xender, inayofanya simu mbili zionane kwa Wi-Fi bila kugusa mtandao wala kula mega, na filamu nzima ikapita pale Bluetooth ingekesha.

Na kuna meza za sokoni. Ninyi vijana wa meza mnajua ninachosema: kompyuta ya mkononi, betri ya sola au jenereta ya jirani, nyaya za kila aina, na ubao unaotangaza kuwekewa nyimbo na kuchaji simu. Mteja hasemi anataka wimbo gani. Anasema, „Nitilie za kwaya,“ au „Nitilie Bongo,“ au rumba, na unamimina folda nzima. Kadi ileile kesho iko Fizi-centre, keshokutwa iko kwa wachimba dhahabu wa Misisi, au imepanda mtumbwi kwenda Ubwari. Wakimbizi wa Burundi waliofika kambi ya Lusenda mwaka 2015 walileta zao, wakachukua zetu.

Huu ni mtandao. Hauna seva, hauna kampuni, hauna orodha. Ni Gnutella inayotembea kwa miguu, kwa pikipiki na kwa boti, na kila mmoja wetu ni sehemu yake. Na nguvu yake tumeiona. Serikali ilipokata intaneti nchini Januari 2015, na ilipoikata tena Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu siku ishirini, WhatsApp ilinyamaza Baraka kama ilivyonyamaza Kinshasa. Nyimbo za Noeli na za mwaka mpya ziliendelea kupita, kwa sababu hazikuwa zikipita huko juu hata kidogo.

Wale wa Marekani walikuwa wakikwepa mahakama. Sisi tunakwepa umaskini wa njia: mega za bei, umeme usiokuwepo, duka la muziki ambalo halijawahi kufunguliwa hapa. Kwa hiyo sikubaliani na anayewaita vijana wa meza wezi. Wamefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitolea kuifanya. Bila wao kwaya ya Kazimia isingesikika Lulimba. Na njia ya kuwaadhibu wasikilizaji imeshajaribiwa na imeacha aibu. Mwaka 2007 mahakama ya Minnesota ilimwamuru mama mmoja alipe dola 222,000 kwa nyimbo 24 alizogawa kwenye Kazaa. Sijaona mwanamuziki aliyetajirika kwa hukumu ile.

Lakini mtandao wetu una tundu, na tundu lenyewe ni jina. Lilianza kuvuja sehemu nyingi. Kwaya inarekodi video, mtu anachomoa sauti kwenye video, na sauti inatoka bila maelezo yoyote. Mtu anarekodi ibada kwa simu, faili linapewa tarehe. Linapitia WhatsApp, linabatizwa AUD. Mwenye meza anaona mafaili mia yenye tarakimu tupu, anayaweka yote katika folda aliyoiandika „Kwaya mpya“. Baada ya safari nne hakuna anayejua. Na sauti bado ni safi kabisa. Kanda ilichakaa sauti ikabaki na jina, simu imebaki na sauti ikachakaa jina.

Mtauliza, kuna hasara gani ikiwa watu wanabarikiwa na wimbo? Niwakumbushe „Malaika“, wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko nyimbo nyingi duniani. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na akaandikishwa kuwa mtunzi. Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Wote wawili wametutoka, na bado watu wanabishana. Sasa linganisheni na Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga „Masanga“. Tracey alikuwa na desturi ya kuandika kila mara: jina la mwimbaji, mahali, lugha, ala, tarehe. Wapiga gita wa nchi za mbali wamejifunza „Masanga“, na kila wanapoipiga wanamtaja Mwenda. Kati ya wanamuziki hawa sioni tofauti ya kipaji. Naona tofauti ya karatasi iliyoandikwa siku ileile.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu inayo. Amri-sheria namba 86-033 ya Aprili 5, 1986 inamlinda mtunzi, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. SONECA iliundwa 1969 kukusanya haki za watunzi, na tangu 2011 kuna SOCODA. Tunaweza kulalamika kwamba Kinshasa ni mbali, na ni mbali kweli. Lakini chama cha namna hiyo, hata kingekuwa na ofisi kando ya soko la Baraka, hugawa fedha kwa kufuata kazi zilizotangazwa kwa jina la mtunzi. Ukimpelekea karani AUD-20190407-WA0003 atafanya nini? Ndiyo maana nimesema fedha hulifuata jina. Wimbo usio na mwenyewe hauwezi kulipwa hata na mtu mwaminifu mwenye fedha mkononi.

Wanamuziki wa Kinshasa walishagundua jambo ambalo watengeneza mashine hawakuligundua. Mnajua libanga: mwimbaji anataja ndani ya wimbo majina ya wafanyabiashara, wanasiasa na marafiki, na wengi wao wanalipia kutajwa. Wazee wengi wa kanisa hawaupendi mtindo huo, nami nina mashaka nao pia. Lakini tazameni ulivyo imara. Faili likipewa jina jingine, likipita WhatsApp, likichomolewa kwenye video, likinakiliwa mara elfu, tajiri aliyetajwa bado anatajwa. Jina lililoimbwa halifutiki isipokuwa ukate wimbo wenyewe. Hivyo basi katika simu zetu mmejaa majina ya waliolipa, na majina ya waliotunga hayamo. Hilo linaniumiza.

Kwaya zetu za zamani zilikuwa na desturi ya kujitambulisha kabla ya kuimba: kiongozi anasimama, anataja kwaya, kanisa, kijiji, na mtunzi. Siku hizi studio zinakata utambulisho huo kwa sababu unaonekana kupoteza sekunde. Nawasihi viongozi wa kwaya, rudisheni sekunde hizo, na ziwe ndani ya wimbo wenyewe. Kama hamtaki maneno mwanzoni, mtunzi aweke jina la kijiji katika ubeti wa mwisho. Wimbo wa Kiebembe ukitaja kilima au mto wake, msikilizaji wa miaka hamsini ijayo atajua pa kuuliza.

Studio nazo zina kazi yake. Ile nafasi ya baiti 128 ilipanuliwa mwaka 1998, toleo la pili la ID3 linakaa mwanzoni mwa faili na halibani tena herufi 30. Programu za kuandika humo ni za bure na hazihitaji mtandao. Kwa kawaida WhatsApp hubadilisha jina la nje la MP3 bila kuyagusa maandishi ya ndani, kwa hiyo jina lililoandikwa ndani lina nafasi nzuri ya kufika hata pale la nje limebadilishwa. Kijana wa studio akiandika mtunzi, kwaya, kanisa, kijiji na mwaka kabla ya kumkabidhi mteja faili, anatumia dakika mbili. Na anayetuma wimbo kwa WhatsApp asiutume kama sauti, autume kama hati. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, tafuta faili lako. Likipita hivyo linabaki na jina lake.

Kwenu vijana wa meza naomba folda moja tu iitwayo Fizi, na humo lisiingie faili lisilo na jina la kwaya na mahali. Mteja akija na wimbo usiojulikana, muulizeni ameutoa kwa nani, kisha muulizeni huyo. Gnutella iliuliza hatua 7. Hapa Baraka hatua tatu zitawafikisha kwa mtu aliyekuwepo wimbo ukiimbwa.

Na wakimbizi wa vita vya sasa, wanaoshuka kutoka milimani, wanakuja na simu. Nyumba zinaungua, maktaba za makanisa zinaungua, daftari la kwaya linabaki chini ya kitanda. Wimbo ulio katika simu mia tano haufi kwa moto mmoja. Faida hiyo ya mtandao usio na kitovu hatuikosi hapa, hata siku zilizo mbaya. Ndiyo maana ninataka majina yaingie humo haraka, yalindwe na wingi uleule unaolinda sauti.

Nina ombi la kazi ya kuanza nayo. Lugufu ilifungwa 2009. Kanda zilizorekodiwa kule bado zipo katika masanduku ya Baraka, Mboko na Abeka, na nyingine zimevuka hadi Marekani, Kanada na Australia pamoja na ndugu zetu waliohamishiwa huko. Karatasi zake bado zinasomeka. Tunahitaji redio ya kanda inayofanya kazi, waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, na mtu wa kukaa nayo, kwa kuwa kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60. Walimu wawili wamekubali kusimamia uandishi wa majina, na meza moja ya sokoni imejitolea umeme. Atakayeleta kanda aje na mtu anayeweza kuzitambua sauti, maana karatasi inataja kwaya na haitaji nani aliyeanzisha wimbo.